Lazo Mbele ya Jaji

San Antonio, Texas
12 Februari 1978

Kwako Mama wa ubatizo, Bi Hermelinda,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na goti lako. Tangu Januari kiwandani wamenihamishia upande wa mifuko ya nyuma, jinzi mia nne kwa siku, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni mkono umechoka, si adabu imepungua.

Sasa kaa chini, kama umesimama. Naolewa. Jumamosi tarehe 22 Aprili, saa nne asubuhi, na Evaristo Longoria, yule fundi wa pampu uliyemlisha tamale kumi na mbili Krismasi halafu ukalalamika kwamba hali. Na kabla hujaanza kupiga vigelegele nikwambie lenyewe: si kanisani. Padre Casimiro amekataa. Mke wa kwanza wa Evaristo alimkimbia miaka kumi na tatu iliyopita, akaenda Chicago na mpiga kinanda cha mkono, wamezaa watatu huko. Lakini kwa Kanisa bado ni mke wake. Maombi ya kuibatilisha ndoa ile yamerudi kutoka kwa askofu mara mbili, kwa sababu shahidi mmoja amekufa na mwingine hataki kusema. Nina miaka thelathini na nne, Mama. Sitaendelea kumsubiri mpiga kinanda aone haya.

Tutafungishwa na Jaji Kuhlmann, hapo hapo La Noria, mahakamani. Wenzangu kiwandani wananiambia, "Funga hukuhuku San Antonio, dakika kumi, nani atajua?" Ng'o! Sijaiba mume wa mtu. Nimebatizwa La Noria, nitaolewa La Noria, na wenye midomo waje wajionee, viti vipo.

Ila sitaki kuolewa kama mtu anayekata leseni ya mbwa. Nataka Baba Yetu isaliwe. Nataka picha ya Mama wa Guadalupe iwe mezani. Na nataka lazo lako, ile rozari ndefu ya pete mbili uliyowavisha baba na mama mabegani siku walipooana, ukawavisha na dada zangu wote watatu. Univishe wewe kwa mikono yako. Mama yangu hayupo. Wewe ndiye uliyenishika kwenye maji ya ubatizo, na sina mwingine wa kumwomba.

Mwanao,
Araceli Cantú


La Noria
20 Februari 1978

Araceli,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilivaa miwani, nikidhani ya kwanza nimekosea. Sikukosea.

Unataka nibebe lazo nilipeleke pale wanapohukumiwa wezi wa mbuzi na walevi wa Ijumaa? Haya, na baada ya ninyi nani anafuata, mtu aliyevuka taa nyekundu? Lazo si kamba ya kuanikia nguo, mwanangu. Lilibarikiwa kabla mama yako hajazaliwa. Jaji anafungisha watu kwa mhuri, basi akufunge kwa mhuri wake, asinihusishe.

Na ujue kwamba Padre amekwisha kusema. Jumapili, mimbarini, hakutaja jina, lakini kanisa zima liligeuza shingo kunitazama mimi. Amesema mwanachama yeyote wa Chama cha Guadalupe atakayesimamia ndoa isiyo ndoa arudishe utepe wake wa chama na asije kupokea Komunyo. Mimi ni mwenyekiti wa chama hicho mwaka wa kumi na tisa huu. Nafua vitambaa vya altare kwa mikono hii hii. Nikinyang'anywa hayo nitabaki na nini, kuku?

Huyo Evaristo sina neno naye. Ni mwanamume mpole na pampu yangu haijavuja tena. Subirini. Mvumilivu hula mbivu.

Tena yapo mengine ambayo sikwambii. Usiniulize.

Mama yako wa ubatizo,
Hermelinda, mjane wa Barrientos


Ofisi ya Jaji wa Amani
La Noria
6 Machi 1978

Bi Cantú,

Nimeipokea barua yako ya tarehe 27 Februari na nimeyafikiria maswali yako kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria kesi yoyote mwaka huu.

Sheria inanitaka mambo machache: nione leseni, nisikie kila mmoja wenu akikubali kwa hiari yake, nitangaze kwamba ninyi ni mume na mke, nitie sahihi. Hayo nitayafanya kwa maneno yaliyomo kwenye kitabu changu na sitaongeza Mungu wala kumpunguza. Mimi ni Mlutheri, nasali kwa Kijerumani na kwa sauti ya chini, na kazini sisali kabisa, kwa sababu kesho yake anaweza kuja mbele yangu mtu asiyeamini chochote, naye anastahili jaji yule yule.

Lakini ninyi si jaji. Nikishamaliza kutangaza nitafunga kitabu changu na kusimama pembeni, na mtakachosali au kujivisha ninyi ni chenu. Sitaangalia saa. Ukiniuliza kama mahakama yangu ni kanisa, nitasema hapana. Lakini si zizi pia.

Kuhusu picha ya Bikira: ukuta ni mali ya kaunti, msipigilie msumari. Meza ni yangu mwenyewe, niliileta kutoka nyumbani, wekeni mnachotaka. Mishumaa naomba iwe michache. Pazia lile halijafuliwa tangu vita na litawaka.

Jambo la mwisho. Wiki iliyopita alifika ofisini kwangu mama mmoja mzee mwenye shali nyeusi, akajitaja kuwa ndiye mama yako wa ubatizo. Alikaa saa nzima. Aliyoniuliza ni siri yake na mimi sina ruhusa ya kuyasema. Nakuarifu tu kwa kuwa mji ni mdogo na utasikia.

Wako katika utumishi,
O. Kuhlmann


San Antonio
10 Machi 1978

Mama Hermelinda,

Shikamoo naitoa kwa sababu nililelewa vizuri, si kwa sababu leo ninayo moyoni.

Umekwenda kwa Jaji! Kukataa kuja, sawa, una haki yako. Lakini kuvaa shali na goti lile bovu, ukapanda ngazi zote zile kwenda kumshawishi mtu asinifungishe? Ulimwambia nini? Kwamba Evaristo ni mzinzi? Kwamba mimi ni mjinga? Saa nzima, Mama! Mimi ukiniandikia hujazi hata ukurasa.

Basi sikiliza. Jaji amekubali. Amekubali sala, amekubali picha, amekubali lazo, na ni Mlutheri. Mtu asiyejua hata kushika rozari amenifungulia mlango, na wewe uliyenifundisha Salamu Maria kwa kunifinya sikio umekwenda kuufunga.

Unasema mvumilivu hula mbivu. Mbivu zangu nimezisubiri mpaka zimeoza mkononi. Sisubiri tena! Kaa na lazo lako. Nitashona langu kwa uzi wa jinzi, ule wa rangi ya chungwa, unaoshika suruali ya mchunga ng'ombe miaka kumi bila kukatika. Na kama hakuna mwanamke La Noria mwenye ujasiri wa kunivisha, Evaristo atanivisha mimi, nami nitamvisha yeye, na Mungu atazame mwenyewe aseme kama ni dhambi. Sitamwomba mtu tena.

Araceli


La Noria
Jumanne ya Juma Kuu, 21 Machi 1978

Mwanangu Araceli,

Ungekuwa karibu ningekuzaba kibao, kisha ningekukumbatia. Sikwenda kukuharibia. Nilikwenda kumuuliza Jaji habari zangu mimi.

Nitaandika hili mara moja, na ukimaliza kulisoma lichome moto.

Mwaka 1927, kule kwetu Jalisco, ng'ambo ya mpaka, makanisa yalikuwa yamefungwa. Serikali na Kanisa wamegombana, maaskofu wamesimamisha misa, mapadre wako milimani au wamekwisha kunyongwa kwenye nguzo za simu. Mimi nina miaka kumi na tisa na marehemu Sóstenes wangu ananitaka, naye anatafutwa na wanajeshi kwa sababu ndugu yake amekwenda kupigana. Tukataka kuvuka mto wa mpakani kuja huku Texas. Mama yangu akaapa hanitoi nyumbani na mwanamume bila ndoa, hata dunia iwake moto. Padre hayupo. Tungemtoa wapi? Basi tukaenda kwa jaji.

Jaji yule alikuwa na bastola mezani, na ukutani karatasi: marufuku alama yoyote ya dini. Mama alikuwa na lazo hili hili tumboni, chini ya blauzi. Jaji akasoma maneno yake upesi upesi, na alipoinama kutia wino kalamu, mama akasema, "Watoto wanatetemeka baridi," akatutupia shali yake mimi na Sóstenes mabegani. Mwezi wa tano, Araceli, jua linapasua mawe! Na chini ya shali mikono yake ikatuvisha lazo. Nilisikia shanga zikipita shingoni. Mjomba wangu akakohoa kikohozi kirefu cha uongo zisisikike. Jaji akanyanyua kichwa, akatutazama, mama naye akamtazama. Akapiga mhuri.

Hiyo ndiyo ndoa yangu. Nyingine sina.

Tulipofika huku, padre wa wakati ule akatuuliza, "Mlifunga kanisani?" Sóstenes akajibu "Ndiyo, Padre," kwa haraka, kwa aibu ya kuonekana tumeishi ovyo. Nami nikanyamaza. Kesho yake ilikuwa ngumu zaidi kusema, na mwaka uliofuata ilikuwa haiwezekani. Sóstenes akafa na siri hiyo. Mimi nimepokea Komunyo miaka hamsini na moja nikijua kwamba naishi na mwanamume wa jaji. Nimewavisha watu lazo, arobaini na kitu, nikiwaambia "sasa ninyi mmefungwa mbele ya Mungu," na usiku nikijiuliza mimi mwenyewe nilifungwa mbele ya nani. Ndiyo maana nilikukatalia kwa ukali. Niliogopa nikisimama pale mahakamani Padre ataanza kuuliza yangu, na watu wataanza kuhesabu Komunyo zangu.

Nilimuuliza Jaji Kuhlmann, karatasi yangu inasimama? Akaishika kwa ncha za vidole, akaisoma yote, akasema, "Mbele ya sheria wewe ni mke wa Barrientos tangu saa ile." Nikamuuliza, na mbele ya Mungu? Akasema hilo halimo kwenye mamlaka yake. Halafu akanitengenezea kahawa, mbaya sana.

Sijui nitafanya nini. Naogopa, mwanangu. Nina miaka sabini na naogopa kama msichana.

Hermelinda


San Antonio
Jumatatu ya Pasaka, 27 Machi 1978

Mama yangu,

Shikamoo, na hii inatoka moyoni. Nilisoma barua yako chooni kiwandani, mahali pekee ambapo msimamizi haji, na nilikaa mle mpaka akatuma mtu kunigongea. Nisamehe. Nilikutukana bila kujua unachobeba.

Nimeichoma. Evaristo sikumwambia, ingawa aliniona nikilia akadhani harusi imevunjika, masikini, akaanza kutengeneza bomba lisilovuja.

Sasa nakuambia mimi: usije. Baki na kiti chako, utepe wako na vitambaa vyako. Ukija, Padre atauliza, na mimi sitaki uvuliwe nguo mbele za watu kwa ajili yangu. Mimi nitaolewa. Hakuna atakayenizuia, wala Padre, wala mpiga kinanda, wala karatasi za askofu. Lakini hili la kuolewa kwangu nililichagua mimi, si wewe. Nitalivaa lazo langu la uzi, na nikiona aibu nitakumbuka kwamba bibi mmoja alimvisha binti yake chini ya shali mbele ya bastola.

Nakupenda. Sikuwahi kukuandikia neno hili. Haya, limeandikwa.

Araceli


La Noria
4 Aprili 1978

Araceli,

Nimekwenda kwa Padre. Mwenyewe, kwa miguu yangu, Ijumaa baada ya Pasaka. Nikamwambia yote, tena si kwenye kitubio, nimekaa kitini mbele yake kama mtu mzima. Nilidhani atapasuka.

Akaenda kabatini, akatoa kitabu kinene, akafunua. Akaniuliza: "Padre hakupatikana mwezi mzima?" Nikamwambia hakupatikana miaka mitatu. "Palikuwa na mashahidi wawili?" Mama na mjomba. Akafunga kitabu. Akasema, "Bi Hermelinda, ndoa yako ni halali. Ilikuwa halali siku ile ile. Kanuni ilikuwepo kwa watu kama ninyi. Ungeuliza tu."

Ungeuliza tu! Nilicheka mpaka nikalia, Araceli, na nilipomaliza kulia nikakasirika, nimekasirika mpaka leo. Miaka hamsini na moja natembea nimeinama kama mwizi wa kuku, na kumbe hakuna kuku aliyeibiwa. Sóstenes amekufa anaogopa moto bure.

Nikamuuliza, na mwanangu Araceli? Akasema kesi yako ni nyingine, Evaristo ana mke aliye hai, hakuna kitabu cha kumsaidia. Alisema kwa huzuni, si mtu mbaya. Akanishika mkono: "Wewe umekwisha kupona. Nenda kwa amani. Kaa nyumbani siku ya tarehe ishirini na mbili."

Nimeyafikiria maneno hayo siku nne. Mtu akiisha kuvuka salama, avunje daraja?

Mwambie Evaristo avae shati lenye kola ngumu, lazo linateleza kwa wanaume wenye mabega ya chupa. Na hicho kiuzi chako cha chungwa kifungie mifuko ya jinzi. Nitafika saa tatu na nusu. Ngazi ni nyingi, nitahitaji muda.

Mama yako,
Hermelinda


La Noria
Jumatatu, 24 Aprili 1978

Padre Casimiro,

Tumsifu Yesu Kristu.

Najua umekwisha kusikia, maana katika mji huu habari hufika kabla ya mwenyewe. Lakini utasikia kwa mwenyewe pia.

Jumamosi nilimvisha Araceli Cantú na Evaristo Longoria lazo la mama yangu, mahakamani, mchana kweupe, madirisha yote wazi. Jaji alisema yake, akafunga kitabu, akasogea ukutani, akasimama wima mikono mbele kama askari kwenye mazishi. Hakusali. Tulisali sisi. Kidogo niwavishe kinyume, bibi harusi akanong'ona, "Polepole, Mama, tuna siku nzima," na watu wakacheka, ndipo nikaweza. Sikumtupia mtu shali. Nililiinua lazo juu kabisa, hata waliosimama barabarani waone.

Ndani ya bahasha hii umo utepe wangu, na tepe mbili za wenzangu. Sikuwashawishi, waliniletea wenyewe. Wa Bi Asunción haumo. Yeye alikuahidi hatatia mguu mahakamani, na ahadi ameitimiza: alikaa kwenye ngazi nje na kutuimbia kupitia dirishani, kwa sauti ile unayoijua. Usimwadhibu kwa dirisha.

Vitambaa vya altare nimevifua na kuvipiga pasi, vimo kapuni kwenye sakristia. Utakayempa kazi hiyo mwambie asitie wanga mwingi, vinakatika kwenye mikunjo.

Ulinipa amani yangu, Padre, na nakushukuru hadi kaburini. Lakini uliniambia nikae nayo nyumbani. Wewe una kitabu chako, na sikatai kwamba kinasema unavyosema. Mimi mambo ya askofu siyajui. Najua tu kwamba msichana aliniomba mkono, nami ninao miwili. Kama hiyo ni dhambi, basi niandikie mimi, jina langu, si lake.

Jumapili nitakuja misa ya saa mbili. Nitakaa benchi la mbele, upande wa kushoto, kama siku zote, na Araceli atakaa kulia kwangu na mumewe kulia kwake. Ndiyo, mumewe. Wakati wa Komunyo hatutapanga mstari, tusikutie katika jaribu. Tutabaki tumekaa, na wewe utatupita umeshika Mwili wa Bwana. Kila Jumapili, Padre, mpaka mmoja wetu afe. Nakuomba jambo moja tu: ukitupita, ututazame.

Hermelinda Barrientos